Ukuta wa Chuma Nyuma ya Viti

Karakana ya Vioo,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu, na huyo mchanga ambaye bado hatujamtia machoni. Vipi, anakuachia usingizi? Maziwa yanamtosha? Na mgongo wako je? Usianze kubeba ndoo eti kwa sababu unajisikia nafuu. Mwili wa mzazi ni mwongo, unakudanganya leo na kukulaza kesho.

Sisi huku tunaendelea. Mama yako anakula, magoti ndiyo yaleyale, na siku akiamka vizuri anagombana na redio. Kitinda mimba ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kwa upepo mtupu. Mimi mzima. Naamka, naoga, nakata vioo, nalala. Watu wakiniuliza ninavyojisikia, natafuta jibu kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Basi nawaambia salama, nao wanaridhika.

Karakana tumeifungua tena. Fundi Polepole, yule rafiki wa kaka yako aliyepewa jina hilo kwa jinsi anavyobeba vioo, amerudi, na mafundi wake wawili nao wamerudi. Wateja wapo. Shida ilikuwa usafiri. Tulikuwa tunakodi magari ya watu, na dereva wa kukodi anaruka matuta kama aliyebeba magunia ya pumba. Tukifika kwa mteja, kioo kimoja kimeshakuwa viwili. Halafu mama yako ana kliniki yake ya magoti, na kitinda mimba shule yake iko mbali. Nikaona litafutwe gari moja lifanye yote: vani yenye safu mbili za viti, mafundi wakae, sisi tukae, na mzigo uwe nyuma.

Jirani yetu mshonaji alinionya kuwa mshika mawili moja humponyoka, kwamba gari la kazi liwe la kazi na la nyumbani liwe la nyumbani. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwambia tu kwamba mwenye mikono miwili na mizigo minne hachagui.

Sasa nikueleze lile uliloniuliza kwenye simu, nami nikakujibu "ajali tu."

Gari la zamani halikugonga kitu, wifi. Kaka yako alikuwa anatoka kwa mteja aliyekataa vipimo, na nyuma alikuwa amebeba vioo vyote na fremu zake. Mtu wa baiskeli akamkatia mbele. Akafunga breki, gari likasimama, mwenye baiskeli akapita salama. Mzigo ndio haukusimama. Nyuma ya kiti palikuwa na ubao mwembamba tu, ule alioupigilia mwenyewe ili vumbi lisituingie. Ubao ukapasuka.

Ndivyo ilivyokuwa. Jioni ileile makanika alilileta gari nyumbani akiliendesha, taa zote zinawaka, ubavuni halina hata mkwaruzo. Nilisimama nikalitazama. Kisha nikakumbuka kuna nguo kwenye kamba, nikaenda kuzianua.

Gari hilo niliwapa watu wa vipuri walichukue. Lakini tangu hapo mwanangu mkubwa, huyo binti yako, anakwenda shule kwa miguu, jua liwake, mvua inyeshe. Akisimamishiwa gari na mtu tunayemfahamu, anasema ahsante na kuendelea kutembea. Hakuna aliyemsimulia jinsi baba yake alivyokufa, ila nyumba ikijaa wageni wa pole, mtoto husikia mengi kuliko anayoambiwa.

Basi tukaenda kwenye yadi ya magari, mimi, Polepole, mama yako na binti huyo. Yeye alishika njia kwa miguu, na ilibidi mimi na mama yako tutembee naye. Mama yako alilalamika njia nzima, lakini hakupanda chombo chochote.

Dalali alituonyesha vani nyeupe, inang'aa kama sahani ya wageni. Viti vya ngozi, harufu ya marashi, baridi inapuliza mpaka miguuni. Mama yako aliketi ndani akagoma kutoka. Nikamwuliza dalali, kati ya viti na mzigo kuna nini? Akafungua nyuma akatuonyesha wavu mweusi.

"Huu ni imara, mama," akasema. "Hata mpira haupiti."

Binti yako akauliza, "Na kioo?"

Dalali akacheka. "Kioo kitafikaje huku, mwanangu?"

"Kwa baba kilifika."

Polepole akageuka akawa anasoma bango la matairi. Mimi nilikuwa natazama kola ya shati la dalali, ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, kazi nzuri kabisa. Hicho ndicho nilichokiona. Nilijua kuna jambo kubwa limesemwa na mwanangu mbele yangu, nikangoja linifikie, halikufika. Mama yako ndiye aliyetoka kwenye vile viti vya ngozi bila kusaidiwa na mtu, akamshika mjukuu wake mkono, wakatangulia kutoka getini.

Usimchukie dalali yule. Alitufuata mpaka barabarani akaomba radhi, na ndiye aliyetuelekeza kwa mama mmoja fundi umeme aliyestaafu, aliyekuwa na vani ya zamani imeegeshwa uani kwake.

Wifi, hilo gari ni baya! Rangi yake ni ya kahawia iliyochujuka, kama chai iliyomwagiwa maji. Mlango wa pembeni ukiusukuma unapiga kelele, mtaa mzima unajua umetoka. Baridi haipulizi, linapuliza vumbi. Mama yako alilizunguka akauliza kama ni la kubebea watu au la kubebea mizoga ya kuku. Lakini nyuma ya safu ya pili ya viti kuna ukuta wa chuma, kutoka sakafuni mpaka darini, umechomelewa pande zote. Mwenyewe alisema aliuweka kwa sababu ya nyaya na ngazi zake. "Mimi nilikuwa napakia na wajukuu," akasema, "na ngazi haijui mjukuu."

Nilimwomba atuachie tulijaribu kwanza, akakubali.

Tukalipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana. Polepole na mafundi wake wakalijaza mifuko ya mchanga na vyuma virefu, wala hawakufunga kitu kwa kamba, kwa makusudi. Alipomaliza akaninyooshea mkono nimpe ufunguo.

"Shemeji, niachie mimi."

"Wewe una watoto," nikamwambia.

"Na wewe je?"

Nikapanda. Binti yako alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na bibi yake. Nilimwambia bibi amwingize ndani, bibi akanijibu kwa sauti kuwa mtoto ana miguu yake.

Nikaliondoa, nikalikoleza mwendo, nilipokaribia mwisho wa uwanja nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Nilirushwa mbele, mkanda ukanikaba. Kisha mzigo ukaja. Wifi, ule mshindo sitaueleza vizuri. Niliusikia mgongoni kabla ya masikioni. Halafu mchanga ukawa unamwagika taratibu huko nyuma, kama mtu anayemimina mchele kwenye sinia, na mimi nimekaa, nimeshika usukani. Ukuta haukusogea.

Nilidhani nitalia. Nilijiandaa kabisa, hata kanga nilikuwa nayo karibu. Hakuna kilichokuja. Polepole akafungua mlango akaniambia, "Shemeji, toa mguu." Nikamwambia nimeshatoa. Akainama akatazama, akarudia kwa upole, "Bado. Toa mguu kwenye breki." Nikatazama, kweli ulikuwa pale, umekanyaga mpaka chini. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine. Ilibidi auinue kwa mikono yake, kama anavyoinua kioo.

Nilipogeuka, binti yako alikuwa ameshaingia kwa mlango wa pembeni. Alikuwa anaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku na huku, kama mtu anayenunua chungu.

"Haujabonyea," akasema.

Polepole hajui kudanganya hata watoto. "Umebonyea kidogo, upande wa mzigo."

Akaupapasa tena. "Huku kwetu haujabonyea."

Tukalichukua. Polepole amechomelea ngazi fupi kwenye mlango wa pembeni kwa ajili ya magoti ya mama yako, na ametengeneza fremu ya mbao ya kusimamishia vioo, kila kimoja na mkanda wake. Siku za kazi mafundi wanakaa safu ya nyuma wakipiga soga. Mchana nafagia vipande vya vioo kwa ufagio, kisha napitisha kitambaa kibichi, kisha kiganja changu, ndipo nakwenda shuleni kumchukua kitinda mimba. Gari moja, wenye nalo wengi. Mshonaji anasema nimefanya ukaidi. Juzi aliomba limbebee cherehani.

Ijumaa nilimpeleka mama yako kliniki. Sikumwambia binti yako twende wala tusiende. Nilisukuma ule mlango wenye kelele, bibi akapanda, mdogo akapanda, naye akasimama pale na begi lake. Kisha akapanda. Alipita hadi kwenye kona, akakaa, akaegemeza mgongo na kichwa kwenye ukuta. Niliufunga mlango, nikawasha gari. Bibi naye, ambaye ana neno kwa kila jambo, alianza kutafuta kadi yake ya kliniki.

Wakati wa kurudi nilimtazama kwenye kioo cha ndani nikaona amelala, mdomo wazi, kichwa kikitikisika pamoja na gari. Tulipofika nyumbani nilizima injini. Bibi akataka kushuka, nikamwonyesha kwa kidole. Akarudi kukaa. Tulibaki ndani ya gari lililosimama mlangoni kwetu, jua linachoma bati, bibi anajipepea kwa kadi ya kliniki, mdogo anahesabu kunguru kwa ule upepo wake, hadi mwenzetu alipoamka mwenyewe na kuuliza mbona hatushuki. Mimi nilikuwa bado nangoja nijisikie kitu. Nilichosikia ni joto tu, na pumzi zake. Nadhani kwa sasa hizo zinanitosha.

Nisalimie sana shemeji yangu, na umbusu mchanga kwenye unyayo kwa niaba yetu. Mama yako anasema ule, na unyamaze mtoto akilala. Polepole anakusalimu, watoto wanamsalimu shangazi yao. Mungu akulinde na akurudishie nguvu, na huyo mdogo akue awazike wazee wake, si wao wamzike yeye.

Ukipata nafuu ya kusafiri, njoo. Tutakuja kukupokea wote, na hilo gari baya. Wewe utakaa mbele, pembeni yangu. Kiti hicho hakuna ambaye amekikalia mpaka leo.

Wako akupendaye,
Wifi yako, mke wa kaka yako.