Beki wa Kushoto na Koti la Kijani

Darsait, Maskati
9 Machi 2023

Mwanangu Muatasim,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, ila macho yangu yana ukungu kidogo. Wewe je, baridi ya Osaka imepungua?

Mpe salamu zangu Kagemori, yule beki wenu wa kushoto. Jana kwenye tivii nimemuona kampokonya mpira jitu refu mpaka nikapiga vigelegele. Ndugu yako Yaqoob kanicheka, ati mtu mzima mimi nna mchumba wa Kijapani. Huku madukani Hamriya jezi zake zinauzwa hadi za watoto wachanga. Nambie khabari zake zote.

Mama yako

Osaka
2 Aprili 2023

Mama yangu mpenzi,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Mie mzima, baridi imeondoka.

Mchumba wako hajambo. Utotoni timu mbili zilimkataa kwa ufupi wake. Leo vinyozi wa hapa wametundika picha yake ukutani, na mechi ikimalizika huwainamia mashabiki, hatoki mpaka wao watoke. Nimekutumia jezi yake. Kuja nyumbani mwaka huu kazi haijaniruhusu. Mwakani, inshallah.

Mwanao, Muatasim

Darsait
20 Aprili 2023

Mwanangu,

Salaam nyingi. Jezi imefika, imenienea, ahsante.

Lakini tusidanganyane, mpira mimi siujui. Uliponambia unakaa jukwaa la chini, upande wa kushoto, ndo nikampenda huyu. Kila akirusha mpira kamera inamfuata mstarini, na nyuma yake naona watu. Siku moja nilikuona, umevaa koti la kijani nililokushonea. Nililia mpaka Yaqoob akazima tivii.

Miaka sita, mwanangu. Hiyo mwakani yako haifiki.

Mama yako

Osaka
18 Novemba 2024

Mama,

Assalaam alaykum. Mbona kimya? Nimeandika na kuandika, Yaqoob ananijibu tu kwamba hujambo.

Nna khabari mbaya. Goti la Kagemori limekataa, anaacha mpira. Mechi yake ya mwisho ni tarehe saba Disemba. Ntakaa mstari wa mbele na koti langu la kijani. Akirusha mpira, ntakupungia mikono yote miwili. Niangalie, mama.

Mwanao, Muatasim

Darsait
10 Disemba 2024

Mwanangu,

Salaam. Umzima? Barua hii nasema mimi, anaandika Yaqoob.

Nilivaa jezi, nikakaa mbele ya tivii. Yaqoob akapiga ukelele, "Mama, huyo! Anapunga!" Nami nikapunga, kuelekea kule sauti inakotoka. Watu wa huko walikuwa wanalia, nikalia nao. Yaqoob anasema umekonda.

Tangu Ramadhani sioni. Daktari alisema tumechelewa. Nilimkataza Yaqoob asikwambie, nikiogopa utaiacha kazi kwa kunihurumia. Sasa naona nilikosea, kwa sababu nimebaki na uso wako wa ile siku moja tu, nao umeanza kunipotea.

Usiniletee jezi nyengine. Njoo niushike uso wako.

Mama yako