Ile Siku Tulitupa Mupira Inje

Yaya Odette, dada yangu mukubwa,

Tumeshinda timu ya Mwansabombwe! Nilitaka kuanza na habari za nyumbani, lakini mukono imekataa, imeandika hii kwanza.

Tangu tulikuzika, ni miye ninafundisha ile timu yako ya rugbi. Mwanzo ilikuwa ngumu. Nikipuliza filimbi, bamama banaangalia nyuma yangu, kama vile utatokea. Siku moja Mama Charlène, na ule unene wake wote, alikaa kwenye muchanga akalia, na sisi wote tukalia naye, mupira katikati yetu. Kisha mutu mumoja akacheka, sijui nani, tukaanza mazoezi.

Wavu yako ya samaki ingali. Tunaifunga kwenye miti mbili, urefu wa kiuno, na kila mutu anapita chini yake mbio, mupira kwenye kifua. Bado nakusikia: "Inama, Espérance! Uko unaenda harusi?"

Lakini unakumbuka mabishano yetu. Weye: tukifika karibu na laini ya wale tunacheza nabo, hakuna kutupa mupira, tusukume, tuokote, tusukume tena. Miye: tubavute bote katikati, kisha tutupe inje kwa mwenye mbio. "Itaanguka," ulisema, "na tutarudi na haya." Hatukumaliza ile neno. Ukaingia hospitali.

Sasa sikia. Jumamosi, dakika za mwisho, tuko nyuma kwa pointi ine. Kuweka mupira chini nyuma ya laini yao inaleta tano. Tumebakiza hatua tano tu. Charlène anasukuma, anaangushwa. Mwenzake anaokota, anasukuma, vile ulitufundisha. Mara tatu. Ba Mwansabombwe bote bameinama mbele yetu kama ukuta, na upande wa ziwa hakuna mutu. Hakuna mutu, Yaya! Nikakuomba samahani, nikapiga kelele: "Inje!"

Charlène akatupa. Ngosa, ule anauzisha vitumbua sokoni, akatoka nyuma mbio, akaidaka na vidole tu, akaanguka nayo kule kule tulikuwa tunataka. Batu bakaingia uwanjani bakipiga masufuria.

Miye nilijificha nyuma ya mitumbwi, nikilia. Niliona kama nimekuasi. Charlène akanikuta, akanishika kichwa na mikono yote mbili.

"Yaya aliniambia hospitalini: siku Espérance atasema mutupe, mutupe. Yeye anaona mbali kunipita. Lakini usimwambie mpaka athubutu mwenyewe."

Weye! Miaka yote unabisha tu! Nilicheka mpaka tumbo ikauma, machozi ingali kwenye mashavu.

Juma ijayo tunavuka maji kwenda kisiwa ya Chisenga. Kuna mabinti kule banataka kujifunza. Nitabafundisha kusukuma kwanza, vile unapenda. Kisha kutupa. Na nakuahidi kitu moja: nitabaachia banibishie.

Lala vizuri, Yaya.

Mudogo wako,
Espérance