Kisiwa cha Nasimiyu

Baba mpendwa,

Mtoto hajanipa usingizi tangu tufike Bungoma, lakini hii lazima uisikie. Jana nilimbeba mgongoni tukaenda Chuo Kikuu cha Kibabii kumsikiliza Nasimiyu wetu akieleza hesabu zake. Anachukua namba, anaizidisha kwa yenyewe, anaongeza ile ya mwanzo, anarudia hivyo na jibu bila kuchoka. Namba nyingine zinatoroka, zinakua bila mwisho; nyingine zinabaki karibu. Zinazobaki alizionyesha ukutani kwa rangi nyeusi, zikawa kama kisiwa. Akakuza ukingo wake, tukaona visiwa vidogo vya umbo lile lile. Akakuza tena, vingine! Nywele zilinisimama, Baba.

Profesa mmoja mzee akasogea hadi akagusa ukuta kwa kidole. Wanafunzi wakapiga kelele, "Profesa, si utupishe na sisi tuone, bana!" Akauliza, "Sasa huu ukingo unaishia wapi?"

"Hauishi," Nasimiyu akasema. "Nitaufuata maisha yangu yote."

Najua unataka kumpigia simu umwambie aache masomo arudi Kitale aolewe. Usimwambie hivyo, Baba. Mwulize habari ya hicho kisiwa, na usikate simu hadi amalize.

Mama avae sweta. Nawapenda.

Nekesa