Rosina Kabadili Tena

Jumatatu, 3 Julai 1995
Baridi ya Mbinga hii! Rangi imekuwa nzito koponi, nimeianika juani kwanza. Rosina wa stendi kabadili tena. Pasaka duka lake lilikuwa la mitumba, juzi saluni, leo kaniita mimi mchora mabango nimwandikie "Mgahawa". Biashara huria imewatia watu wazimu — makampuni ya kahawa yenyewe yanakuja na kuondoka. Lakini Rosina kazidi! Nimechora polepole, makusudi, nikae karibu naye.

Alhamisi, 6 Julai
Mama kasikia. Eti mwanamke yule kigeugeu, leo hivi kesho vile, kwao Mama, kule Matiri, mtu wa namna hiyo hakabidhiwi hata mbuzi. Nikasema namchorea bango tu. Mama kacheka sana.

Jumapili, 16 Julai
Baada ya misa nimemwambia Rosina nataka tuoane. Kakubali! Nimerudi napiga mluzi.

Jumatatu, 17 Julai
Kakataa.

Jumatano, 19 Julai
Kakubali! Ila tuhamie Mbamba Bay, tuuze dagaa. Mimi ziwa naliogopa. Nimesema sawa.

Ijumaa, 21 Julai
Hatuhami. Dagaa wananuka.
Nikamuuliza kwa upole: Rosina, mbona hutulii? Alikuwa anakanda unga wa maandazi. Akasema marehemu mumewe alikuwa mtu wa msimamo, watu wote walimsifu. "Hamphrey, nikiomba kwenda kwetu, hapana. Nikiomba kushona, hapana. Hakubadilika hata siku moja. Sasa kila nikiamka najiuliza leo nataka nini. Raha yake huijui."
Nikamsaidia kukata maandazi. Nilitoka pale nampenda zaidi — na woga kidogo, nisifiche.

Jumamosi, 22 Julai
Nimemweleza Mama maneno ya Rosina. Hakucheka. Kasema mwambie kesho aje, twende wote kwa padri kuandikisha ndoa.

Jumapili, 23 Julai
Rosina kaja mapema, gauni la bluu. Shikamoo mama. Mama: marahaba, leo umeamka na lipi? "Nimeamka na ndiyo, mama." Wakacheka wote wawili, nikapumua.
Tunatoka, tumefika mlangoni — Rosina kasimama. Subirini kwanza. Karudi ndani, kakaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Nikadhani Mama atafoka. Wapi! Kavua viatu, kaweka chai jikoni. Kamwambia fikiri, mwanangu, padri haendi popote.
Mimi nimekaa kizingitini na tai shingoni, naandika. Rosina ananitazama. Sijamwuliza kitu. Chai inachemka, na kwa kweli sina haraka —