Chatu wa Darini

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Nimetoka shifti nikakuta kasheshe. Balthazar alipanda darini kutafuta sanduku — chatu! Mrefu kuliko kitanda chetu. Mume wangu, mtu mzima, kajifungia kwenye gari! Akaja Abigail, mkamata nyoka. Akasema hana sumu, anakula panya wetu, tumwache tu. Balthazar akapiga kelele ndani ya gari, vioo vimefungwa: mpeleke mbali! Abigail akampeleka pori la mtoni, nyuma ya mtaa wetu huku ugenini, Macquarie Fields.

Jumapili, 16 Novemba
Panya. Wanakimbizana darini kama watoto wa shule. Jirani yetu Mrundi, Mama Anésie, mbegu zake zote za mahindi wamefukua. Mayai ya kuku wake, wanakula. Hata kiota cha wale ndege wadogo wa uani — kitupu. Leo taa za sebuleni zimezimika. Fundi kanionyesha waya: zimetafunwa.
Nimenunua sumu ya panya.

Jumatano, 26 Novemba
Bundi kafia chini ya mti wetu. Hana jeraha. Nikampigia Abigail. Swali la kwanza: umeweka sumu? Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, bundi humdaka. Kumbe niliyemuua ni mimi. Kwetu tulikotoka bundi ni mkosi, akifa tungeshukuru. Nimelia.
Sumu yote nimezoa.

Ijumaa, 12 Desemba
Abigail kakamata chatu mwingine, nyumba ya tatu kutoka hapa. Sheria inataka amwachie karibu na alipomtoa. Je, tunamtaka? Balthazar kakoroga chai mpaka ikapoa. Mwishowe: sawa, ila nisimwone. Mama Anésie kaongeza wavu kwenye banda la kuku wake. Chatu kapanda mti, kaingia chini ya vigae vya paa letu bila haraka.

Jumanne, 13 Januari 2026
Darini kimya. Mahindi mapya yamefika kiunoni. Kiota kina makinda!
Lakini asubuhi kuku mmoja hayupo, yule mweusi mdogo. Wavu uliachia pembeni. Balthazar kashika simu: namwita Abigail, aondolewe leo leo! Mama Anésie, kwa Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi: "Kuku ni moja tu, baba. Panya ilikuwa mingi. Lete koleo."
Kaiweka simu. Kaleta koleo.
Sasa nawaona dirishani, wanakaza waya. Na juu ya paa la banda — chatu, tumbo limetuna, anaota jua. Hatua moja kutoka kichwani mwa mume wangu. Hajamwona. Mama Anésie kamwona. Hasemi kitu, anamwonyesha waya wa chini kabisa, ainame.
Balthazar kainama. Nikiita, atamwona, atakimbilia simu tena. Nimeziba mdomo, mkono wa pili unaandika —