Sentensi Niliyoifuta kwa Kinywa Changu

Jumanne, 12 Novemba

Sentensi yetu imefutwa leo, kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa kwenye azimio ambalo mawaziri wa afya watawapelekea wakuu wa nchi Ijumaa: kila anayeishi kando ya mito yenye minyoo ya ini apimwe kwa ultrasaundi, bure, kila mwaka. Sisi wa vijiji vya mtoni tumeihangaikia miaka miwili. Vikao, picha za marehemu, safari za basi kutoka Kalasin hadi Bangkok. Imeondoka kwa dakika moja. Na aliyeiondoa ni mimi.

Bwana mmoja wa upande wa biashara aliuliza, tukiandika hivi nani atanunua samaki wa mito hiyo? Akanigeukia. Mama Bualai, si wewe unauza samaki wabichi wa kuchachishwa kwa chumvi? Wako ni salama?

Nikasema — salama kabisa, hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Jibu la sokoni. Nimelitoa miaka ishirini na sita, siku hizi linatoka lenyewe. Wakacheka, kwa adabu. Mwenyekiti akasema basi, mama mwenyewe ametutoa wasiwasi. Ikakatwa.

Hawarudi kulalamika kwa sababu minyoo ya samaki mbichi hukaa kwenye ini miaka ishirini kimya, ndipo ilete saratani. Ningesema hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo!

Mdogo wangu Thongdam alikufa Machi. Saratani ya mirija ya nyongo. Alikuwa manjano mpaka viganja. Kila jioni tukifunga duka alikula samaki wa beseni langu, mbichi, na pilipili na kitunguu saumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimmegea.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempigia Khamphan, anayenisimamia mabeseni ya kuchachishia samaki. Mume wake anajikuna usiku kucha na macho yameanza kuwa manjano. Hospitali ya wilaya imempa tarehe ya ultrasaundi: Februari.

Nikamweleza ya jana mkutanoni. Akasema — dada, ulikwenda kutuombea au kutafuta wateja?

Akasema hata yeye angeulizwa angesema hivyohivyo, na hilo ndilo linalomuudhi. Akauliza atoe leo beseni la samaki wa siku tatu kwenye chumvi, wateja wamejaa mlangoni. Nikasema toa.

Toa! Siku tatu chumvi haijaua minyoo, daktari alishatuambia. Dawa ni kumgandisha samaki juma zima kabla ya kumchachisha, au mlaji amkaange. Siku ile niliitikia kwa kichwa, nikarudi kuuza wa siku tatu. Friza kubwa nimeuliza bei mara mbili. Mara zote mbili nilisema mwakani.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwona Prasoet. Ni mshauri wa waziri wetu, yeye ndiye anayeshika kalamu ya azimio. Kijana wa Kalasin, mama yake alikuwa akinunua kwangu. Kwenye mkutano anaongea kama wa Bangkok. Mlango ulipofungwa tu akabadilika, lugha ya nyumbani. Mama, umeniletea nini?

Mtu haendi mikono mitupu kwa mkubwa. Nilikuwa na vifurushi viwili vya samaki kwenye majani ya migomba, vya siku tatu. Nilidhani atavipeleka kwake, mke atakaanga. Akafungua kimoja palepale, juu ya makaratasi. Akamega kwa vidole.

Nilitakiwa kusema. Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono.

Nikamwomba sentensi irudi. Huku anatafuna akasema mama, si ulisema mwenyewe ni salama? Ona, nakula. Nikitaka kuirudisha nitawaambia nini wale wa biashara, kwamba mama amebadili mawazo usiku?

Akamega tena. Na tena. Akafumba macho, akasema huyu ndiye wa utotoni.

Nikacheka naye. Nikashukuru, nikatoka. Kwenye lifti ndipo nilipokumbuka. Thongdam naye alikuwa akifumba macho hivyohivyo.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa mbili nilikuwa mlangoni kwake. Sikukaa. Nikamwambia kifurushi cha pili usikile kibichi. Wa jana nilikulisha nikijua wana minyoo. Mdogo wangu alikula hao hao, amekufa.

Alibaki ameshika kikombe. — Mama, wewe umeniangalia nikila?

Nimekuangalia.

Akaniambia nitoke. Nilitoka.

Saa sita akanipigia mwenyewe. Yuko hospitali ng'ambo ya barabara, ameshapimwa ultrasaundi. Dakika arobaini, kuingia na kutoka. Ini lina makovu ya zamani ya minyoo, si ya samaki wa jana, ni ya utotoni. Uvimbe hakuna. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema dakika arobaini, mama.

Nikasema mume wa Khamphan, msimamizi wangu, amepewa Februari.

Kisha akasema wa biashara hawatamsikiliza yeye. Labda muuzaji mwenyewe asimame mbele ya mawaziri aseme samaki wangu wana minyoo. Na hapo unajua sokoni utaitwaje.

Najua. Nikampigia Khamphan. Leo usiuze beseni hata moja. Akasema tisa yote? Tisa yote. Na kesho? Kesho tutawaambia wakaange, asiyetaka aende. Wanawake kumi na mmoja wanapata riziki kwa mabeseni hayo. Hilo Khamphan hakulitaja. Akasema tu — dada, safari hii ukiulizwa, usifikirie mteja.

Sasa niko ukumbini, kiti cha nyuma. Wanasoma azimio ukurasa kwa ukurasa. Saa tisa linafungwa. Prasoet yuko mbele na kalamu yake, hageuki. Nimemwandikia kwenye simu, kwa lugha ya nyumbani:

Nitasimama. Nitasema samaki wangu, jina langu, soko langu. Nitamtaja Thongdam. Nitasema na jana nilimlisha nani, usiponikataza. Ila sisimami kwa ajili ya kupigiwa makofi. Usiniambie utaangalia, usiniambie mwakani, hilo neno nalijua mwenyewe. Sentensi unairudisha au huirudishi? Andika ndiyo au andika hapana. Kabla ya saa tisa.

Ameisoma. Ni saa nane na dakika arobaini na nane.