Nani Alimpa Maingi Jina la Mama?

Kavata mdogo wangu,

Baba alitufundisha kwamba hata ukienda kwa mtu kugombana naye, unabisha hodi kwanza. Kwa hivyo hodi. Hamjambo hapo Kanyangi? Mvua imenyesha au bado mnaangalia mawingu? Goti la Mama linaendeleaje? Nauliza habari ya goti kwa adabu tu, maana kwa video niliyoiona, goti lile halina shida yoyote duniani.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile, na bibi ninayemtunza bado anakataa dawa zake za asubuhi mpaka nimbembeleze kama mtoto. Barua hii utaletewa na Syombua wa Kyuso, ambaye anafanya kazi nyumba ya jirani hapa Riyadh na sasa anakuja likizo. Ningeweza kukurekodia sauti kwa simu, lakini nakujua. Ungesikiliza kidogo, ungecheka, na ukicheka mimi nacheka pia. Safari hii sitaki kucheka. Nimekasirika na ninataka kuimaliza hasira yangu kwa utaratibu.

Ni ile shoo ya Maingi wa Nyuzi pale Mtito Andei. Nakuonea wivu, Kavata. Afadhali niseme waziwazi kuliko kuzungukazunguka. Kati yetu wawili, nani alikuwa shabiki wa Maingi? Wewe ulikuwa ukisema anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mimi ndiye niliyemjua tangu akiimba kwenye harusi na harambee, akitunga nyimbo zake mwenyewe juu ya mbuzi waliopotea na mashemeji wenye maneno mengi. Mimi ndiye niliyemfundisha Mama ule wimbo wa ndengu, wa mwanamke anayesubiri ndengu zake zikauke ili apate sababu ya kwenda soko. Na mimi ndiye niliyemwambia Mama kwamba siku moja nitampeleka amwone Maingi kwa macho. Alijibu kwamba yeye ni mshirika wa kanisa, haendi dansi. Nikamwambia nyimbo za Maingi hazina matusi. Akanyamaza, na unajua Mama akinyamaza hivyo amekubali.

Basi nikaja huku, na wewe ndiye uliyempeleka. Ulipitisha tu mkono, ukachuma tunda la mti nilioupanda mimi.

Tena mkanipita hata kwa kuambiwa. Habari nilizipata kwenye grupu letu la mashabiki, lile ambalo mimi ndiye admini. Nilifungua simu asubuhi nikakuta jumbe zimejaa. Dereva mmoja wa lori, ambaye shoo ilimkuta akiwa ameegesha kusubiri trela jingine, alisema, "Nilikuja kula chapati tu, nikajikuta nalia kama mtu amefiwa." Mama mmoja wa Makindu akasema gitaa la pili lilikuwa limelala usingizi lakini sauti ya Maingi ilikuwa safi kuliko ile ya kwenye redio. Mwingine wa Kibwezi akabisha, eti spika zilikuwa zinakwaruza. Wakagombana juu ya spika mpaka mchana. Halafu kijana mmoja akaniandikia mimi, mbele ya watu wote: "Admini, wewe ulikuwa wapi? Kama hukuwa Mtito, hujamsikia Maingi bado." Nilimtoa kwenye grupu. Walinisihi, nikamrudisha kesho yake, lakini moyo wangu haujamrudisha.

Kisha ikaja ile video. Niliitazama kwenye chumba cha kufulia, mashine ikizunguka, mlango nimeufunga ili bibi asisikie. Nikamwona Mama mbele kabisa, na kile kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, mabega yanacheza kama ya msichana. Kando yake wewe, umevaa lile gauni la kijani nililotuma Krismasi nikasema mnitunzie. Limekukaa vizuri. Hilo nalo limeniuma.

Wimbo ulikuwa ule wa ndengu. Na unajua mtindo wa Maingi: katikati ya wimbo anapunguza gitaa, anainama pale mbele, mtu ananong'ona jina, na akiinuka jina hilo limeshaingia kwenye wimbo pamoja na kijiji chake na watu wake. Nilikuwa nikiota siku ambayo angemwinamia Mama hivyo. Akainama. Mkawa mmekaribiana vichwa, yeye, wewe na Mama, sikuweza kuona ni nani anayesema. Akainuka, akafumba macho, akaimba, "Mama Kavata wa Kanyangi, ndengu zako zimekauka, inuka twende soko."

Mama Kavata.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, labda ni spika za yule mtu wa Kibwezi. Hapana. Ni Mama Kavata, na watu wakapiga vigelegele.

Sasa nijibu. Tangu lini? Mwanamke kwetu huitwa kwa kifungua mimba wake. Mama aliitwa Mama Ndunge kabla wewe hujazaliwa. Aliitwa hivyo kanisani, sokoni, na hata chifu alimwita hivyo. Sijawahi kusikia jina likaruka mtoto wa kwanza likaenda kwa wa pili, na wa kwanza angali anapumua. Na si mimi peke yangu ninayefikiri hivyo, kwa sababu yule mama wa Makindu, ambaye zamani alikuwa akinunua ndengu kwa Mama, aliniandikia faraghani akidhani admini ni mtu mwingine: "Samahani, huyo si alikuwa Mama Ndunge? Kwani yule msichana wake mkubwa alikufa huko Arabuni?" Nikamjibu kwamba yuko hai. Sikumwambia ni mimi.

Ni wewe uliyenong'ona, Kavata. Naijua ile tabia yako. Tukiwa wadogo ulikuwa ukikaa kwenye kiti changu nikienda kuteka maji, nikirudi unasema umekikuta kitupu. Nimeenda kuteka maji mbali kidogo tu, na umekaa.

Na nikuambie kitu kingine, kwa sababu kimeingiliana na haya. Mwenye nyumba ameniuliza kama nitaongeza mkataba wa kazi, miaka miwili mingine. Anataka jibu kabla ya Syombua kusafiri. Nilikuwa nimeshamwambia kwa mdomo kwamba nitakaa, maana nilifikiri huko nyumbani kila kitu kinanisubiri mahali pake. Sasa sijui miaka miwili tena itanibakishia nini.

*

Niliiacha barua hapo jana. Leo, bibi akiwa amelala mchana, nimempigia Mama. Najua amekuambia nilipiga, lakini sidhani amekuambia tulichosema.

Nilimwacha kwanza anisimulie shoo. Alisimulia vizuri, kwa furaha, akacheka mwenyewe. Kasema Maingi ni mwembamba kuliko alivyodhani na anahitaji mtu wa kumpikia. Kasema mchungaji alisikia na hakuuliza kitu, alitaka tu kujua kama ule wimbo wa ndengu unaweza kubadilishwa maneno uimbwe wakati wa sadaka ya mavuno. Halafu nikamuuliza, polepole, nani alimwambia Maingi jina.

"Ni mimi," akasema.

"Kavata alikuambia useme hivyo?"

"Aiya. Kavata alikuwa ameinama kutupiga picha. Aliniuliza kijana yule, 'Mama, unaitwa nani?' Nikamwambia."

"Ukamwambia Mama Kavata."

Nilisikia kuku na mtu akipiga misumari. Kisha akasema, "Ndunge, kana kakwa, mwanangu, hilo ndilo wananiita. Meza yangu ya ndengu si iko hapo mlangoni kwa saluni ya Kavata? Wasichana wanaokuja kusukwa wananijua kwa huyo. Hawa watu wapya wa soko hawakujui wewe. Mimi mwenyewe nimezoea. Aliponiuliza, lilitoka lile ninaloitikia kila siku."

Angesema uongo ningefurahi. Angesema, nilitaka kutaja wewe nikachanganyikiwa na kelele za gitaa, ningelala vizuri. Lakini Mama hajui kudanganya, na alisema kama mtu anayeeleza bei. Nikamuuliza kama bado kuna anayemwita Mama Ndunge. Akafikiri, Kavata. Alifikiri kweli. Akasema, "Baba yako. Na yule mzee wa posho mill, lakini yeye siku hizi hatoki."

Kwa hivyo niliyokuandikia juu ya kunong'ona si kweli, na sitayafuta. Nataka uyasome, ujue nilivyowaka. Wivu wenyewe haujaisha. Umehama tu, umetoka kwako ukaenda kwa kila msichana anayekaa kwenye kile kiti chako cha kusukwa akamwona Mama kila siku bila kujua kwamba ni bahati. Nimewaonea wivu hata watu waliokwenda tu kununua nusu kilo ya ndengu.

Jioni nilimwendea mwenye nyumba nikamwambia nilikosea, sitaongeza. Hakufurahi. Bibi alilia, akanishika mkono akaniita jina la binti yake, na hilo nalo lilinionyesha kitu, lakini sina nguvu ya kukieleza hapa. Nitamaliza mkataba huu, kisha nije.

Ninakuomba jambo moja, na usilivunje. Usimwambie Mama kwamba ninakuja, na usianze kuwasahihisha watu wa soko. Najua moyo wako. Ukimaliza kusoma hii utatoka mlangoni na kitana mkononi uanze kuwafundisha wateja. Usifanye hivyo. Jina ukiwaomba watu wamrudishie litakuwa ni la huruma, na huruma sitaki.

Nisalimie Baba, mwambie namshukuru kwa jina analomwitia Mama. Nisalimie Mjomba Mutinda mwenye mizinga, aniwekee asali ya mwaka huu asiwauzie wote. Nisalimie nyanya yetu Susu, umwambie kwa sauti kubwa upande wa sikio la kulia. Mchungaji naye mwambie asiguse maneno ya ule wimbo. Na gauni la kijani endelea kulivaa, nimekupa, ila siku nitakayofika usiwe umelivaa.

Nitashukia sokoni, sitapitia nyumbani. Nitakuta Mama amekaa nyuma ya ndengu zake, mlango wa saluni uko wazi, wasichana wako wamejaa. Nitasimama katikati ya watu wote nimwite, Mama, kwa sauti ile tuliyokuwa tukimwitia shambani. Watageuka waulizane huyu mgeni ni nani anayeita hivyo. Wewe usijibu, Kavata. Mwache ajibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Ndunge